Mnauliza, Tunajibu: Trekta Dogo la Shamba la Nyumbani

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu kitu kimoja: trekta dogo, la nguvu ya farasi 15 hadi 40, la mtu mwenye ekari chache zinazozunguka nyumba yake. Nyingine zilihitaji jibu refu, nyingine mistari michache.

Farasi ngapi zinanitosha?

*Wataalamu, habari za kazi. Nina ekari nne hapa Mlandizi. Mbili zina minazi na miembe, moja ina mihogo, iliyobaki ni nyumba, banda la ng'ombe watatu na uwanja. Kila baada ya mvua majani yananishinda, na vibarua wa kufyeka wamekuwa adimu. Mmoja ananiambia ninunue trekta la farasi 40 nisije nikajuta. Mwingine anasema 18 zinatosha. Nimsikilize nani? — Msomaji, Mlandizi*

Ndugu yetu, wote wawili wameanzia katikati. Anza na kazi, kisha kifaa kitakachoifanya, halafu ndiyo utafute trekta la kukizungusha kifaa hicho.

Kulima ekari moja ya mihogo ni kazi ya nusu siku, mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa kazi hiyo peke yake usinunue trekta. Kodi, lipa kwa ekari, habari za spea mwachie mwenyewe. Kinachokupa sababu ya kununua ni zile kazi ndogo zisizoisha: kufyeka chini ya miti mara tano au sita kwa mwaka, kutoa samadi bandani, kuleta maji, kusomba mchanga na kuni.

Tuhesabu ufyekaji, kwa kuwa ndio unaokusumbua. Slasha ya trekta, yaani mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma yake, ya upana wa mita 1.2, ukiacha sentimita 10 za kupandiana kila mstari, inakata mita 1.1. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, hiyo ni mita za mraba 4,400 kwa saa. Toa sehemu moja kwa tano kwa ajili ya kugeuza, zinabaki kama 3,500. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ekari iliyo wazi itachukua saa moja na dakika kumi. Chini ya minazi na miembe, ambako utazunguka kila shina, weka saa tatu kwa ekari zote mbili. Mara sita kwa mwaka ni saa 18. Ongeza trela na kazi nyingine zote, hutafika saa 150 kwa mwaka. Hizo ni saa chache sana kwa injini ya dizeli iliyotunzwa.

Sasa nguvu. Slasha kwenye majani mazito inataka kama farasi 16 kwa kila mita ya upana, na hizo zipimwe kwenye PTO, yaani ule mhimili wenye meno sita unaotokeza nyuma ya trekta. Farasi zilizoandikwa kwenye boneti ni za injini. Katika trekta la giya za kawaida, kama 15 kwa kila 100 hupotea njiani kabla ya kufika nyuma, na katika trekta la mwendo wa haidroliki, lile lisilo na kubadili giya unapokanyaga pedali, hupotea zaidi kidogo. Slasha yako ya mita 1.2 inadai farasi 19 au 20 kwenye PTO, maana yake injini ya 23 hadi 27. Hapo ndipo saizi yako ilipo.

Trekta la farasi 40 litaifanya kazi hiyo, ila litakuwa pana na refu zaidi, linahitaji nafasi ya kugeuzia, na usukani wake utaingia kwenye matawi ya miembe ambayo sasa unapita umeinama. Tairi na filta zake ni ghali zaidi, na uzito wake ukikanyaga mchanga uliolowa mara sita kwa mwaka hugandamiza udongo juu ya mizizi ya minazi. La farasi 18 litafyeka vizuri kiangazi. Masika, majani yakifika kiunoni, injini itazama kila mita chache, nawe utajikuta unafyeka nusu upana. Saa zinakuwa maradufu na dizeli pia.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni uzito. Kuvuta ni kazi ya uzito na tairi, na udongo wenu wa kichanga hausamehe trekta jepesi. Tafuta lenye kilo 900 hadi 1,200 na linalovuta magurudumu yote manne. Ukiona tairi za nyuma zinateleza, zijaze maji. Nyanyua gurudumu kwa jeki, zungusha hadi valvu iwe juu kabisa, jaza maji hadi yaanze kutokea kwenye valvu, kisha malizia kwa upepo. Robo inayobaki na hewa ndiyo inayolipa tairi unyumbufu wake. Tairi la nyuma la 11.2-24 hupokea zaidi ya lita 100, na hizo ni kilo zaidi ya 100 kila upande ambazo hukuzinunua. Ulaya na Marekani huchanganya chumvi za kuzuia kuganda. Mlandizi maji ya kisima yanatosha, mradi tairi lina tyubu, kwa sababu bila tyubu rimu itaota kutu kwa ndani.

Trela lisilo na breki lisizidi, pamoja na mzigo, uzito wa trekta lenyewe. Tangi la lita 1,000 likijaa ni zaidi ya tani moja kabla hujahesabu chuma cha trela. Usilijaze kupita robo tatu, na uwe na kizuizi ndani ya tangi, maana maji yakisukumana kwenye kona humsukuma dereva naye.

Kwenye bajeti, kila shilingi 100 unazotenga za trekta ziwe na nyingine 30 hadi 40 pembeni za slasha, trela na matengenezo ya kwanza. Anayemaliza fedha zote kwenye trekta hubaki na chombo cha kuendea dukani.

Trekta la Kijapani lililotumika

*Shikamooni. Nimeona trekta kwenye yadi moja Dar es Salaam. Ni la Kijapani, farasi 24, rangi inang'aa, mita inasoma saa 460, na rotaveta yake iko nyuma. Maandishi yote ni ya Kijapani na halina chuma cha juu cha kumkinga dereva. Shamba langu ni ekari sita, mahindi na bustani. Nikienda na fundi tuangalie nini? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Mita ya saa isikushughulishe. Hubadilishwa kwa dakika kumi na haiachi alama. Angalia vitu ambavyo hakuna anayehangaika kuvibadilisha: mpira wa pedali ya klachi, kingo za ngazi ya kukanyagia, matundu ya pini kwenye mikono ya kunyanyulia. Trekta la saa 460 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma kikang'aa, wala tundu la pini lililokuwa duara na sasa lina umbo la yai.

Nendeni asubuhi mapema bila kutoa taarifa. Kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye ubavu wa injini. Ikiwa na joto, imewashwa kabla hujafika, na ulichokuja kukiona kimeshafichwa. Injini ya baridi ndiyo inayosema kweli. Swichi ya matrekta mengi ya Japani huzungushwa kwanza kushoto ili kupasha plagi, kwa sekunde kama 10, kisha kulia. Injini nzima hushika ndani ya mizunguko michache. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli, usioisha hata baada ya dakika tano, ni nozeli mbovu au komprisheni iliyoshuka. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga mafuta ghafla kisha ukapotea si neno. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na kukilaza juu ya tundu lake. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirushwa, ringi zimechoka, na hiyo ni injini ya kufungua yote.

Kuna ugonjwa mmoja wa matrekta haya ambao rangi mpya huuficha kabisa. Mengi yametoka mashamba ya mpunga. Ekseli ya mbele imeshinda ndani ya maji na tope miaka nenda miaka rudi, na sili zikichoka maji huingia kwenye giya. Mwambie fundi alegeze bolti ya kutolea oili chini ya ekseli ya mbele, nusu mzunguko tu, na kukinga kikombe. Yakitangulia maji, au oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ndani kuna kutu kwenye beringi na meno ya giya. Afanye hivyo hivyo kwenye giya kuu kwa kuchomoa kijiti cha kupimia. Muuzaji akikataa bolti isiguswe, umeshapata jibu.

Baada ya hapo lipeleke uwanjani. Weka giya kubwa, kanyaga breki, achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma huku trekta limesimama, bamba limekwisha, na kulibadilisha kunahitaji trekta kukatwa katikati, siku mbili za fundi. Nyanyua rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka, hadi juu, zima injini, weka alama ya chaki. Kushuka sentimita chache kwa robo saa ni kawaida ya chombo cha umri huo. Ikigusa ardhi ndani ya dakika mbili, sili za pistoni au valvu ya haidroliki zinavuja. Washa magurudumu ya mbele ya kuvuta na uzungushe polepole kwenye udongo laini, usikilize mlio wa kukatika-katika. Tazama pia kama saizi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni zile za asili. Uwiano wa tairi za mbele na za nyuma umepigiwa hesabu kiwandani, na mtu aliyeweka tairi za mbele za saizi nyingine amekuwa akizivunja giya zake kidogo kidogo kila alipozishirikisha. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye lami au ardhi kavu ngumu tumia magurudumu mawili tu.

PTO nayo ina mtego. Slasha, pampu na mashine nyingi zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Trekta la Kijapani huwa na giya tatu au nne za PTO, na ya kwanza ndiyo iliyo karibu na 540. Za juu hukaribia au kupita 1,000. Ukizungusha slasha kwa giya ya tatu, boksi lake litapasuka na visu vitaruka. Nunua takometa ya kushika mkononi, bandika kipande cha karatasi ing'aayo kwenye mhimili, pima kila giya, uandike kwa rangi pembeni ya mkono wake.

Katika mengi ya zamani, ukikanyaga klachi PTO nayo inakatika pamoja na magurudumu. Linaonekana jambo dogo hadi siku unapofyeka kuelekea ukuta. Visu vizito vya slasha vinaendelea kuzunguka, vinarudisha nguvu kupitia giya, na trekta linasonga mbele japo umekanyaga klachi hadi mwisho. Dawa yake ni kapulingi inayoshika upande mmoja tu, huvishwa kwenye mhimili wa PTO kabla ya shafti. Ni kipande cha chuma cha urefu wa kiganja. Usifyeke bila hicho.

Halafu rotaveta hiyo iliyoko nyuma. Usifurahi kabla hujatazama imeshikwa na nini. Nyingi zimefungwa kwa mikono mifupi maalumu ya kiwanda hichohicho, na ukizitoa huoni ile mikono miwili ya kawaida yenye vichwa vya mpira wa chuma. Slasha utakayonunua Morogoro haitakuwa na pa kushika. Nenda na pini mbili mfukoni: ya milimita 22 kwa mikono ya chini, na ya milimita 19 kwa mkono wa juu. Zikiingia bila kucheza sana, vifaa vingi vya sokoni vitaingia. Matundu ya milimita 16 ni ya vifaa vidogo sana ambavyo ni shida kuvipata kwetu. Upana wa rotaveta nao ufunike alama za tairi zote mbili za nyuma, la sivyo utalima na kuacha mstari uliokanyagwa. Visu vyake vikiwa vimelika hadi nusu ya upana wa asili, hesabu seti nzima mpya, pamoja na bolti zake ngumu. Bolti laini za dukani hukatika siku ya kwanza.

Kuhusu maandishi, mpigapicha yeyote kijijini anaweza kukupigia picha ya kila kibandiko, na simu itakufasiria. Sungura na kobe hawahitaji tafsiri: sungura ni kasi, kobe ni polepole.

Spea zipo kuliko watu wanavyodhani, ukijua pa kuulizia. Yanmar ndiye aliyewatengenezea John Deere matrekta yao madogo ya miaka ya 1970 na 1980, kama 650, 750 na 850. Shibaura aliwatengenezea Ford, na Iseki aliwatengenezea Massey Ferguson baadhi ya madogo yao. Namba ya spea isiyopatikana kwa jina moja hupatikana kwa jina lingine. Injini za Kubota zimejieleza zenyewe: herufi Z ni silinda mbili, D tatu, V nne, na namba inayofuata ni ujazo, hivyo D1105 ni silinda tatu za lita 1.1 hivi. Kubota na Yanmar wamo pia kwenye majenereta na majokofu ya malori. Gasketi, nozeli na pampu ya maji ukivikosa kwa wauza spea za matrekta, waulize mafundi wa majokofu ya malori. Kabla ya kulipa, andika namba ya injini, piga simu tatu, uulize vitu vitatu: filta ya oili, bamba la klachi, sili za ekseli ya mbele. Ukikosa vyote vitatu, acha trekta hilo hata likiwa zuri kiasi gani.

Namba ya injini na ya fremu zifanane na hati za forodha. Mpangilio wa forodha hutenganisha matrekta yasiyozidi kilowati 18, namba 8701.91, na yanayozidi 18 hadi 37, namba 8701.92. Farasi 24 ni karibu kilowati 17.9, uko kwenye ukingo kabisa, kwa hiyo hati ikisema kingine na kibao cha injini kingine, utakayeulizwa baadaye ni wewe.

Kile chuma cha juu tunakijibu kwenye barua ya Lushoto hapa chini. Kwa ufupi, bei ya trekta lisilo nacho ipunguzwe gharama ya kukiweka.

Ukishalifikisha nyumbani, usianze kulima. Mwaga oili ya injini uweke 15W-40 mpya, lita tatu hadi tano kulingana na injini. Mwaga oili ya giya na haidroliki. Badilisha filta zote, maji ya rejeta, mkanda wa feni na mipira ya dizeli. Piga grisi kila chuchu hadi ya zamani itoke nyeusi. Tangu hapo, grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi na oili ya injini kila saa 100. Vitabu vingine vinaruhusu 200, lakini vumbi la Kiangazi la Morogoro halikuwamo kwenye hesabu zao.

Pawatila au trekta?

*Hamjambo. Mimi nina ekari mbili za mpunga Mwea na robo ekari ya mboga. Je, pawatila yatosha ama nijinyime ninunue trekta dogo? — Msomaji, Kirinyaga*

Hatujambo. Kwa mpunga wa maji, chukua pawatila ya farasi 12 hadi 16 na magurudumu ya chuma ya tope. Ni nyepesi, haizami, inageuka ndani ya jaruba dogo, na ukikwama watu watatu wanaitoa. Trekta la tani moja likizama kwenye tope litahitaji trekta lingine.

Ujue tu unachokinunua. Pawatila inayolima sentimita 60 kwa mpito mmoja itakutembeza karibu kilomita 6.7 kwa kila ekari, ndani ya matope, ukishikilia mikono inayotetemeka. Na ikikutana na udongo mweusi wa mbuga uliokauka, visu havizami. Mashine inaruka na kumkimbiza dereva mbele. Usubiri udongo uloane kwanza. Lima kwa mpito mwepesi mara mbili badala ya kulazimisha kina kwa mara moja.

Shamba la mteremko

*Ndugu wahariri, mashamba yetu huku Lushoto yana miteremko. Kijana wangu anataka trekta dogo la kufyekea na kuvutia magogo ya mikaratusi. Nina wasiwasi. Je, ni hatari kweli au ni hofu ya mzee? — Mzee wa Lushoto*

Shikamoo mzee. Hofu yako ni ya haki. Trekta dogo ni jembamba na dereva wake ameketi juu, kwa hiyo hupinduka upesi kuliko kubwa.

Pimeni mteremko kabla ya kupima bei. Chukueni ubao wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Lazeni ncha moja juu ya mteremko, nyanyueni nyingine hadi ubao ulale sawa, mpime pengo la chini. Sentimita 20 ni mteremko wa asilimia 20. Hapo kijana afanye kazi kwa kupanda na kushuka tu, asikatize kamwe ubavuni, na vifaa viwe chini karibu na ardhi. Pengo likikaribia sentimita 30, trekta libaki barabarani, kazi ifanywe kwa mkono au kwa mashine ya kubeba mgongoni. Magurudumu ya nyuma yatanuliwe upana hadi mwisho. Katika mengi rimu zinageuzwa nje-ndani kwa kazi hiyo.

Upinde wa chuma wa nyuma ya kiti, kile chuma cha juu cha kumkinga dereva, ni lazima, pamoja na mkanda. Vinakwenda pamoja. Upinde bila mkanda humwacha dereva arushwe kisha trekta limlalie; mkanda bila upinde humfunga chini ya chuma. Upinde usichomelewe na fundi geti kwa bomba la dirisha. Uwe wa modeli hiyo au uliokokotolewa kwa uzito wake, na ufungwe kwenye nyumba ya ekseli kwa bolti za ugumu unaotakiwa.

Magogo nayo huua. Mnyororo ufungwe kwenye kiungo cha chini cha kuvutia, chini ya kimo cha ekseli, hata kama gogo ni dogo. Ukifungwa kwenye tundu la mkono wa juu, gogo likikwama kwenye kisiki, magurudumu yanabaki na trekta linajizungusha juu ya ekseli yake mbele ikipaa, haraka kuliko mguu unavyofika kwenye klachi.

Na jambo moja kwa wote wa nyumbani, si kijana peke yake. Shafti ya PTO kwa mizunguko 540 inazunguka mara tisa kila sekunde. Ncha ya kanga au mkono wa shati ukiguswa, inavuta karibu mita nzima ya kitambaa kwa sekunde moja. Bomba lake la plastiki la kukinga likipasuka, trekta lisiwashwe hadi lingine lije.

Linachoka baada ya nusu saa

*Trekta langu la farasi 22 linawaka vizuri na kulima vizuri. Baada ya dakika 20 hadi 30 linaishiwa nguvu na kuzima. Nikipumzika kidogo linawaka tena. Fundi anasema tufungue pampu ya nozeli. — Msomaji, Mbeya*

Msiiguse pampu bado. Trekta linalopona kwa kupumzika lina njaa ya dizeli mara nyingi, na sababu huwa iko kabla ya pampu.

Siku likianza kuchoka, usilizime. Legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikinyonywa na injini ikapata nguvu, tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko limeziba kwa vumbi na grisi. Lisafishe kwa waya, tatizo limekwisha.

Kama halibadiliki, zima, chomoa mpira wa dizeli unaoingia kwenye filta, uache umwagike kwenye chupa. Unatakiwa utiririke mfululizo. Ukianza kwa nguvu kisha ukawa matone, ndani ya tangi kuna uchafu unaokuja kukaa mdomoni mwa bomba, na ukipumzika unazama tena. Huo ndio mwendo uleule unaoueleza. Toa tangi, lioshe, badilisha filta. Kwenye bakuli la kioo la filta tazama chini: maji hukaa kama shanga angavu chini ya dizeli.

Ukishafungua njia ya dizeli, toa hewa kwa mpangilio. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, acha povu litoke hadi dizeli tupu, kaza. Kisha skrubu ya pampu, hivyohivyo. Mwisho legeza nati za nozeli, mtu azungushe stata kwa vipindi vya sekunde 10, zikitema dizeli kaza moja moja. Usiweke mkono mbele ya mdomo wa bomba lenye shinikizo, dizeli hupenya ngozi.

Dizeli ya madumu iache itulie usiku kucha kabla ya kumimina, uchuje kwa kitambaa kizito, na vidole viwili vya chini vibaki kwenye dumu. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kugeuka maji ndani yake usiku wa baridi wa Mbeya.

Kama njia yote ni safi na kipimo cha joto kilikuwa kimepanda kabla ya kuzima, tazama wavu wa rejeta. Mbegu za majani huziba kutokea mbele. Zipulize kwa upepo kutoka upande wa feni kwenda nje.

Oili ya injini kwenye haidroliki

*Fundi anasema oili ya injini iliyobaki naweza kuijazia kwenye haidroliki, zote ni oili. Kweli? — Msomaji, Nakuru*

Hapana. Katika matrekta madogo mengi oili moja inahudumia giya, breki zilizozama ndani na haidroliki, na ina viungo vyake vya breki zisilie na zishike. Tafuta kopo lililoandikwa UTTO, linaloendana na kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha trekta lako. Kwa saizi hiyo itakuchukua lita 20 hadi 30 ukibadilisha yote. Kama fundi ameshachanganya, mwaga yote na uweke filta mpya, kisha baada ya saa 50 chomoa kijiti utazame rangi.